Mizunguko Arobaini ya Mwisho

Mafundi ndio waliompa jina la Taratibu, na hawakumpa kwa kumsifu. Mwaka alioingia katika timu ya kiwanda, madereva wenzake walikuwa wakirudi bandani na matairi yaliyolika kama ndala kuukuu, breki zinafuka moshi, nao wanapigiwa makofi. Yeye alirudi na matairi ambayo fundi mkuu aliyapapasa, akaguna, akasema, "Haya unaweza kuyarudisha dukani." Banda zima likacheka. Miaka kumi na moja baadaye walikuwa wameshajua kwamba katika mbio za saa sita, gari la mtu wa namna hiyo ndilo linalofika, na jina likageuka la heshima. Lakini lilikuwa limeshamganda.

Kiwanda chenyewe kilimganda zaidi. Alikuwa amemwoa binti wa mkubwa wake wa kazi, mzee aliyeingia pale akiwa mkata vyuma wa zamu ya asubuhi na sasa alikuwa Mkuu wa idara ya mashindano. Mtu mwingine akikosana na bosi hurudi nyumbani akapumue. Taratibu akikosana na bosi, kesi ilikuwa ikimsubiri nyumbani, imekaa sebuleni. Mkewe naye alikuwa mtunza saa wa timu. Kila mbio alikaa juu ya ukuta mfupi kando ya barabara, saa mbili zikining'inia shingoni, akiwaandikia madereva ubaoni mizunguko iliyobaki na nafasi waliyoshika.

Mke huyo peke yake ndiye aliyejua kwamba kila asubuhi ya mbio, kwa miaka miwili sasa, mumewe alikuwa akizunguka nyuma ya ghala la matairi kwenda kutapika. Daktari alikuwa amempima akamkuta buheri wa afya. Ilikuwa hofu tu, hofu iliyochelewa kuja na ilipokuja ikaja na virago vyake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Chuo cha madereva wa magari ya wagonjwa kilikuwa kimempa kazi ya ualimu, na kilitaka jibu Jumatatu.

"Leo unamwambia," mkewe alisema asubuhi ile, akimpandishia zipu ya ovaroli. "Usinigeuke tena."

"Leo namwambia. Wakati wa chai."

Lakini kwenye chai Mkuu alitangulia kusema. Alikaa juu ya kreti, kikombe mkononi, macho kwenye gari namba tisa ambalo mafundi walikuwa wakilifunga boneti.

"Wakurugenzi wako jukwaani leo," alisema. "Wote. Wamesema tukimaliza ndani ya tano bora, idara inabaki. Tukikosa, Jumatatu nakabidhi funguo za karakana. Watu thelathini na wanane, mwanangu. Nyundo ana watoto watano."

Nyundo ndiye fundi mkuu, na alikuwa hapo hapo akifuta mikono, amejifanya hasikii.

"Baba, nilikuwa nataka..." Taratibu alianza.

"Niambie jioni," Mkuu alisema, akamgonga begani. "Leo niletee gari nyumbani, basi."

Mbio zilianza saa mbili asubuhi na zilikuwa ziishe saa nane mchana. Zilikuwa mbio za saluni, yaani magari ya kawaida ya familia yaliyovuliwa viti na mazulia, yakatiwa mabomba ya chuma ndani kama tundu la kuku, na kuongezewa nguvu. Taratibu alipokezana na dereva mwenzake, kijana mchangamfu waliyemwita Moshi kwa jinsi alivyokuwa akiunguza mipira. Walipanga Moshi ndiye amalizie. Taratibu alikuwa akihesabu moyoni: nikishuka mara hii, nimeshuka moja kwa moja.

Katika saa ya tano, kwenye kona ya chini, gari la buluu lilijipenyeza pasipo na nafasi. Likambamiza ubavuni. Mlango wake ukabonyea ndani mpaka ukagusa kiti, lakini gari halikupoteza mwelekeo. Dakika nane baadaye aliingia bandani akiwa wa tatu, akazima injini kama sheria inavyotaka kabla ya kujaza mafuta, akafungua mikanda, akangoja mlango ufunguliwe.

Haukufunguka. Moshi, kofia ngumu kichwani tayari, aliuvuta kwa mikono miwili na mguu mmoja ubavuni mwa gari. Nyundo akaleta mtaimbo, akapata mwanya wa kupitisha mkono tu. Ulimi wa kitasa ulikuwa umepinda ndani ya fremu kama kidole kilichovunjika. Dirisha lilikuwa plastiki ngumu iliyopigiliwa pande zote, na upande wa pili wa gari ulizibwa na mabomba na mtungi wa kuzimia moto. Katika vuta nikuvute ile Moshi alinasa waya wa maiki ya Taratibu akaung'oa kabisa. Tangi lilikuwa limejaa.

"Dakika ngapi kumtoa?" Mkuu aliuliza.

"Tukate. Dakika kumi," Nyundo alijibu.

"Washa," Mkuu akasema.

Taratibu alibonyeza swichi. Stata ikatoa mlio kama wa mtu anayesafisha koo, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Nyundo akajitupa chini ya gari na nyundo yake, akaipiga stata mara tatu, na mara ya tatu injini ikawaka. Alipotoka chini alikuwa ameshika pua.

"Stata imeungua," alisema, mdomo ameuweka penye mwanya wa mlango. "Sikia vizuri. Ukizima, hatuwashi tena. Na sheria hairuhusu kusukuma."

Ndipo kila mtu bandani alipopiga hesabu ile ile. Ilibaki saa moja na dakika ishirini, mizunguko arobaini. Tangi lilitosha mizunguko thelathini na mitatu. Kujaza mafuta lazima uzime, na kuzima ndio mwisho. Taratibu alimtazama Moshi, akamtazama Mkuu, akafungua kinywa ndani ya kofia kusema jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Mtu mmoja akamfungia mikanda kupitia mwanyani. Mkuu akapunga mkono. Gari likatoka.

Kwa mizunguko mitano ya kwanza alikuwa na hasira, na hasira ilimsaidia, maana haikuacha nafasi ya hofu. Kisha mwili ulianza kujua ulipo. Mlango uliobonyea ulikuwa umemkaba nyonga. Kila kona ya kulia ulimsukuma mbavuni. Joto lilipanda kutoka sakafuni. Alijikuta akiutazama mtungi wa kuzimia moto kila baada ya kona mbili, kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha ufunguo upo. Likiwaka moto, alifikiri, mimi hapa ni wa kutolewa kwa shoka.

Akaanza kuendesha kama alivyoendesha maisha yake yote, ila zaidi. Alibadilisha gia mapema. Aliachia pedeli ya mafuta mita mia mbili kabla ya kona na kuliacha gari lijiendee. Alijificha nyuma ya magari makubwa yamkatie upepo. Magari mawili yalimpita, akayaacha yapite. Kwenye ukuta mkewe alimwonyesha ubao: tano, na chini yake, thelathini na moja.

Ndipo redio ilipofunguka sikioni.

"Mwanangu, najua huwezi kunijibu," sauti ya Mkuu ilisema. "Basi sikiliza. Mtu akiwa peke yake na mawazo huongeza kasi. Nitazungumza, wewe endesha."

Akazungumza. Alianza mbali, kama kawaida yake. Kiwanda kilianza kwa kutengeneza magari ya kusambazia maziwa. Mwasisi alipounda gari dogo la kwanza la abiria, watu walilicheka, wakasema ni kisahani cha sabuni chenye magurudumu. Mwasisi hakubishana nao. Alilitoa vile vile lilivyo dukani, akamweka ndani dereva wa maziwa, akalipeleka kwenye mbio za saluni.

"Yale makubwa yalichemka maji moja baada ya jingine," Mkuu alisema, na Taratibu alisikia tabasamu katika sauti. "Kisahani kikawa cha pili. Jumatatu foleni ya wanunuzi ilitoka getini ikazunguka kona. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikiwapangia mstari."

Taratibu aliijua hadithi hiyo neno kwa neno. Aliisikia harusini kwake. Lakini kichwani mwake ilipita vizuri, ikampangia mikono. Mzunguko wa kumi na tano. Wa kumi na sita. Sindano ya mafuta ilikuwa ikishuka polepole kuliko alivyoogopa.

Mkuu akaingia katika miaka ya magari ya michezo. Baada ya kushinda mbio za saluni miaka tisa, kiwanda kiliona watu wa kawaida hawatoshi kukisifu. Wakaunda gari la viti viwili, fupi hivi kwamba paa lake lilikufika kiunoni, na likashinda mbio ndefu mara mbili mfululizo. Hapo ndipo siku zote Mkuu alipokuwa akiruka. Katika vitabu vya kiwanda, katika hotuba zake, hata mezani kwake, ushindi wa pili ulifuatwa na "kisha tukarudi kwenye saluni." Katikati kulikuwa na ajali iliyomuua mwanawe wa kiume, kaka wa mke wa Taratibu, akiliendesha gari lile. Alikufa palepale alipogonga ukuta. Ndivyo ilivyosemwa, na mama wa marehemu alikwenda kaburini akiamini hivyo.

Safari hii mzee hakuruka.

"Tulilewa sifa," alisema. "Tukaanza kuona uzito ni adui. Kila gramu. Tukatoboa matundu kwenye pedeli. Tukakwangua rangi. Mwaka wa tatu, kijana wa ofisi ya michoro akaja na wazo la kuondoa kitasa cha ndani cha mlango. Gramu mia nne. Fundi atafungua kutoka nje, dereva hana haja nacho. Mchoro ukaja mezani kwangu nikatia saini."

Redio ikakwaruza. Taratibu alikuwa kwenye mteremko, mguu hauko kwenye pedeli.

"Hakufa palepale, mwanangu. Alikuwa anagonga. Watu wa moto walichelewa kufika, na mimi nilikuwa upande huu wa barabara, magari yanapita, sikuweza kuvuka. Niliuona mkono wake unatafuta kitasa. Unapapasa pale pale kilipokuwa. Nimeutazama mlango wako ulivyobonyea. Nikakwambia washa. Sijui mimi ni mtu wa namna gani."

Taratibu aliona barabara inamjia kama maji. Alitaka kung'oa kile kidude sikioni, na kofia haikumruhusu. Alitaka kumwambia mzee anyamaze, na maiki haikuwepo. Akawa anapokea tu. Ilimjia kwamba siri ile sasa ilikuwa ya watu wawili, na kwamba mkewe alikaa hatua ishirini tu kutoka pale baba yake aliposimama na redio, bila kusikia kitu, akihesabu mizunguko.

Alipopita mstari ubao ulikuwa nje. Haukuwa na tarakimu. Uliandikwa herufi nne: ZIMA.

Alidhani macho yamemdanganya. Mzunguko uliofuata, dakika mbili baadaye, ubao ulikuwa pale pale, mkono wa mkewe umenyooka, uso wake umekazwa. ZIMA. Baadaye alikuja kusikia kwamba Moshi aliuchungulia ubao ulipokuwa ukiteremshwa akauliza, "Gari zima?" naye mkewe akajibu bila kugeuka, "Ndiyo. Zima."

Swichi ilikuwa kwenye dashibodi, karibu na goti lake la kulia, kitu kidogo chenye kofia nyekundu. Mafuta yalikuwa yanaelekea kwisha. Kila mtu angeamini yamekwisha. Angesimama majanini, mafundi wangekuja kumkata atoke, idara ingefungwa Jumatatu, na yeye angekuwa huru bila kusema neno hata moja. Hakuna ambaye angemlaumu. Aliondoa mkono kwenye gia, akaweka kidole juu ya swichi. Akakiacha pale kona mbili nzima.

"Upo?" mzee akauliza sikioni. "Naliona gari, lakini sijui kama upo. Wee endelea tu. Nikiliona linapita napumua."

Kidole kikarudi kwenye gia. Taratibu hakuweza kueleza kwa nini, wala siku ile wala baadaye. Hakuwa amewaza watu thelathini na wanane, wala watoto wa Nyundo. Hakuweza tu kulisimamisha gari mbele ya macho ya mzee yule, mlango ukiwa umejifunga.

Mizunguko minne ya mwisho aliiendesha kwa kubembeleza, kama mtu anayepita chumbani mtoto amelala. Katika kona ya mwisho kabisa injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Gari lilivuka mstari likiwa la tano, bendera ya mabaka meusi na meupe ikipepea, na mita mia tatu mbele injini ikazimika yenyewe. Likaserereka mpaka kando ya uzio wa upande wa mbali, likasimama.

Alifungua mikanda, akavua kofia, akasukuma mlango kwa bega ingawa alijua. Akasukuma tena, kwa nguvu, kisha akajikuta anapiga ngumi. Alipogundua anachofanya aliacha, akaweka mikono mapajani.

Mkewe alifika na gari la kukokota, amesimama nyuma yake kama kibarua wa ujenzi. Aliruka kabla halijasimama. Akaweka uso kwenye plastiki ya dirisha.

"Uliona ubao?"

"Niliona."

"Mara mbili niliandika."

"Niliona mara mbili."

Mkewe alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefika kituoni basi limekwisha ondoka. "Alikuwa anakwambia nini muda wote ule?" aliuliza. "Nimemwona analia. Baba hajalia tangu msiba."

Taratibu alitazama usukani. "Mambo ya kiwanda," alisema. "Ya zamani."

Nyundo alifika na msumeno wa umeme, na nyuma yake Mkuu, akitembea kwa haraka isiyolingana na umri wake. Cheche zilianza kuruka. Mzee alipita upande wa pili, akaingiza mkono wote kwenye tundu la hewa la dirisha, kati ya mabomba, akamshika mkwewe bega.

"Wakurugenzi wameridhia," alisema. "Misimu mitatu. Wamesema kwa sharti wewe uwe dereva wa kwanza. Watu wamekuona, mwanangu. Hakuna mwingine ambaye angelifikisha."

"Baba," Taratibu alisema. "Mimi nilitaka kuacha. Leo. Ndilo nililotaka kukwambia asubuhi."

Msumeno ulinyamaza kwa sababu Nyundo alikuwa amesikia. Mkewe alisimama akiwa ameshika saa zake mbili. Mkuu hakuutoa mkono begani.

"Najua," alisema polepole. "Unadhani ghala la matairi halina dirisha? Mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja, nipange mambo." Kisha kwa sauti ya chini, yeye na mkwewe peke yao: "Na lile nililosema..."

Macho ya mzee yalimwelekea binti yake, yakarudi. Taratibu akajiona anavyotazamwa, na akajua kwamba akikataa sasa atakuwa mtu mwenye siri hiyo na asiye na sababu ya kuitunza.

"Sawa, Baba," alisema.

Mlango ukakatika, ukaanguka nje. Alishuka. Mkewe alikuwa ameshaanza kutembea kurudi bandani peke yake.

Mwaka mmoja ukawa miwili. Wengine wangesema mke angeondoka, lakini hakuondoka. Aliacha tu kwenda uwanjani. Kazi ya saa alipewa mtu mwingine, na siku za mbio yeye alifua, akapiga pasi, akazima redio ya nyumbani. Taratibu alimaliza wa pili mara tatu na kushinda mara moja. Picha yake ilitundikwa kwenye ukorido wa kiwanda, katika msururu wa ushindi, pembeni ya picha ya shemeji yake aliyekuwa anacheka ameegemea lile gari fupi. Kila asubuhi ya kazi alipita hapo akitazama sakafu. Nyuma ya ghala la matairi alikuwa bado anakwenda, na sasa alijua anatazamwa.

Alisema jioni moja, baada ya kula, bila kujiandaa. Mkewe alikuwa akikunja nguo. Akamweleza yote: gramu mia nne, mchoro, saini, mkono uliokuwa ukitafuta kitasa. Alipomaliza, mke aliendelea kukunja shati lile lile, akalikunjua, akalikunja tena.

"Miaka miwili umelala kitandani pangu na jambo hili," alisema.

"Ndiyo."

"Ndilo lililokufanya useme sawa."

"Ndiyo."

Alivaa viatu akaenda kwa baba yake, mtaa wa pili. Taratibu alikaa akimsubiri, mikono mapajani. Alirudi baada ya saa moja na nusu, macho yamevimba, mkononi ana karatasi. Ilikuwa barua ya kumfungua Taratibu kutoka kwenye mkataba wake, imeandikwa kwa mwandiko wa mzee, na imetiwa saini.

"Sikumwomba," alisema. "Nilimuuliza tu alikuwa anagonga kwa muda gani. Akanijibu. Kisha akatafuta kalamu."

Mkuu alistaafu mwezi uliofuata. Msimu mpya gari namba tisa alipewa Moshi, akaunguza klachi katika mzunguko wa kumi na nne. Kwa miezi minne binti hakuzungumza na baba yake. Kila Jumamosi alimpikia, akaweka sufuria mlangoni, akagonga mara moja na kuondoka. Mwezi wa tano aligonga, akabaki amesimama, na mzee alipofungua akaingia.